Yaya Yangu Alificha Miaka ya Kazi ya Bwana Yangu

(Musomaji wetu mumoja wa hapa Bukavu ametuma barua hii. Jina yake tumeiweka kando, mengine yote ni maneno yake.)

Miye ni maman wa miaka makumi tatu na moja, niko na batoto bane, nakaa upande wa Nguba. Nauzisha mandazi asubui karibu na njia ya port. Jina yangu musitafute. Na kama yaya yangu, kaka yangu mukubwa, anasoma ukurasa huu, atajua vizuri ni miye, na asome mpaka mwisho.

Bwana yangu ni mugeni. Alitoka Kigoma, ni fundi wa moteri za boti, na fundi wa kweli. Boti ikikufa katikati ya ziwa kwenda Kalehe, ni yeye banatafuta, hata kama ni siku ya mungu, hata kama iko ku meza. Alinioa mbele ya batu, na ng'ombe alitoa.

Mugeni mwenye ufundi kama yeye anaomba karata, kibali ya kukaa hapa siku zote, akimaliza miaka kumi ya kazi bila kukatika. Njo vile ofisi ya wageni ilimuelezea. Kila mwisho wa mwaka tulikuwa tunahesabu pamoja, saba, munane, na miye nilikuwa nahesabu kuliko yeye, juu kampani ya boti yenye ilimuandika kazi ilishamuambia mwaka huu ni wa mwisho kumuombea karata ya mwaka moja. Akikosa ile ya siku zote, anarudi kwao. Batu bananiuliza basi batoto itakuwa namna gani, bananiuliza kama vile kosa ni yangu.

Mwaka huu kumi ikatimia. Akavaa abakosti yake, koti ya heshima, akapeleka karatasi za kazi, moja kwa kila mwaka. Agent wa ofisi akazigeuza, akaweka mbili za kwanza huku, mbili za mwisho kule, akabaki na sita mukononi. Akauliza: "Citoyen, hizi sita ni za nani?"

Zilikuwa na jina ingine.

Munakumbuka ule wakati serikali ilituamuru tuache majina ya ubatizo, kila mutu achukue jina ya bababu zake. Amri ilikuwa ya Bazaïrois, sisi benyeji, haikuwa ya wageni. Lakini yaya yangu, mutoto wa kwanza wa mama yetu, alikuwa chef wa personnel, mukubwa wa kuandika bafanyakazi, ku kampani ile, na iko chef mpaka leo. Bakubwa ba chama ya serikali balikuwa banakuya kuangalia liste ya bafanyakazi, naye alitaka basikute hata jina moja ya kigeni, bamusifu. Akamuita bwana yangu: "Shemeji, wewe ni wetu sasa. Chukua jina ya muzee wetu." Bwana yangu akafurahi, mujinga yule. Na miye nikafurahi, nikapika hata kuku. Miaka sita akafanya kazi kwa jina ya marehemu papa yangu, mpaka patron mupya akaangalia pasipoti, akasema arudilie jina yake.

Agent akamuambia: "Tunahesabu kuanzia siku jina yako ilirudi. Uko na miaka mbili. Ao utuletee registre, kitabu ya kampani, yenye kuonyesha majina yote mbili ni mutu moja."

Akamuuliza yaya. Yaya akasema: "Registre ya wakati ule ilipotea, shemeji. Uvumilie." Alimuambia ile kwangu, akikula ugali yangu.

Sasa musikie. Mandazi hapa tunafungia mu karatasi za ofisi zenye zimezeeka, na zangu ni yaya ananiletea, kifurushi kila mwezi. Juma iliyopita nilikuwa napasua karatasi, muteja amesimama, nikaona muandiko ya yaya. Ni ukurasa wa ile registre: jina ya bwana yangu ya Kigoma upande wa kushoto, jina ya papa upande wa kuume, chini tampon, muhuri ya kampani, na sinyatire yake. Nikamufungia muteja mandazi mu jani ya mugomba, akashangaa.

Haikupotea. Alinipa miye, nipasue na mikono yangu, batu bapangusie mafuta.

Nilienda kwake Muhumba siku ileile. Hakukana. Akaniambia: "Dada, kuandika mugeni mu liste ya Bazaïrois, unajua ni nini? Ni kufungwa. Nani alikusomesha? Nani anatunza mama?" Mama yetu anakaa kwake. Alikuwa pale anachagua maharagi, hakuinua macho. Akasema: "Bwana utapata mwengine. Lakini ukifungisha mutoto yangu, siku yangu ikifika usikuye kunizika."

Nilirudi na ile karatasi ndani ya kikwembe nilijifunga. Bwana yangu sijamuonyesha. Hii njo aibu yangu na naikubali. Anaanza kufunga vyombo vyake vya kazi mu sanduku, miye naangalia, nanyamaza. Musizani ni upendo wa yaya. Yaya namuchukia, muandike vile vile. Ni mama njo ananifunga mudomo.

Jana saa ya kula ananiuliza: "Mama batoto, mu muji huu muzima, hakuna hata mutu moja wa kusema miye ni nani?" Nikamuongezea sombe ku sahani.

Siku ya lundi, jumatatu, anarudi ofisi, mara ya mwisho. Wenye kutaka kuniambia nisali basiandike, nasali tayari. Na wenye kusema nikae na yaya tuelewane, bakae naye bao benyewe. Nikitoa ile karatasi, yaya anafungwa na mama sitamuzika. Nikinyamaza, bwana yangu anavuka mupaka, na ni miye nimemufukuza, hata yeye mwenyewe hatajua. Munijibu mbele ya lundi, ninyi wote munasoma: ile asubui nimuwekee chai peke yake, ao niweke na karatasi kando ya kikombe?