Bibi Katika Tanzia

Kila mara kabla ya kukata neno katika habari, msahihishaji alilamba ncha ya penseli yake ya buluu, hata baada ya daktari kumkataza. Verna, mwandishi pekee wa kike katika gazeti moja la Wazungu huko Alabama, Marekani, alikwisha kuuzoea ulimi ule. Mwaka huo wa 1952, kila habari yake ilipomtaja mwanamke mweusi, neno "Bibi" mbele ya jina lilitolewa taratibu, kama chuya kwenye mchele. "Nafasi finyu, binti," alisema msahihishaji, ingawa mabibi weupe wa chama cha bustani walijaza safu nzima.

Asubuhi moja Odessa Pruitt, mwalimu mweusi, alileta tanzia ya mama yake. Msahihishaji alisimama, akavua kofia.

"Pole sana, Bibi Pruitt. Mama alikuwa mtu wa heshima."

"Basi mwandikeni Bibi, bwana. Mara hii tu."

"Nitaangalia."

Odessa alipotoka, msahihishaji alilamba penseli, akakata "Bibi" mbele ya jina la marehemu.

"Si umemwita mwanawe Bibi sasa hivi?" Verna aliuliza. Alikuwa ameshachukua koti lake; baada ya siku hiyo hakurudi tena kazini pale.

"Hapa tulikuwa watatu tu, binti. Kesho mji mzima utasoma."