Kifuu cha Mjomba

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Lindi yakajaa sabuni na vitambaa, nilikuwa nikiingia gerezani kila Ijumaa kufundisha dini. Namshukuru Mola kwa kazi ile.

Ijumaa moja nilikuta mfungwa mmoja, mkulima wa korosho kutoka Milola, ametengwa pembeni. Alikuwa akizungumza na ukuta. Wenzake walikataa kula naye, wakamwekea ugali na maharage kwenye kopo la rangi.

"Usimsogelee, maalim," alisema nyapara, mfungwa aliyewasimamia wenzake. "Akikupumulia, kesho sisi tutakufundisha wewe alifu."

Wakacheka. Nikafunga msahafu, nikawasimulia habari za mjomba wangu wa Miteja.

Zamani kwetu mwenye wazimu alitiwa mkatale: gogo lenye tundu, mguu unapitishwa, kigingi kinagongelewa. Mjomba alikaa humo mpaka mguu ukanyauka. Chakula alipewa kwenye kifuu cha nazi, maana watu waliamini kwamba anayekula na mwenye wazimu hurithi wazimu wake. Bibi yangu akachoka. Akabeba sinia, akaketi juu ya gogo, akala na mwanawe mbele ya kijiji kizima. Mjomba, aliyekuwa kimya tangu afungwe, akasema, "Mama, chumvi haitoshi." Wazee wakaona haya, wakang'oa kigingi.

"Akapona?" nyapara akauliza.

"Si kabisa. Lakini alilima, akaoa. Nanyi mna mkatale wenu hapa. Kifuu chenu ni lile kopo."

Askari wa zamu akaingilia. "Shehe, muda umekwisha. Huyo anajifanya tu, anakwepa kazi ya shamba la gereza."

"Daktari ndiye atakayejua, afande. Mpelekeni. Hata kama anajifanya, haifai ale peke yake kama kuku mgonjwa. Siondoki mpaka nile."

Nikaketi karibu na yule mtu, nikasema bismillahi, nikatia mkono koponi. Alinitazama vidole kwa muda mrefu. Kisha akasogeza kopo katikati yetu.

Nyapara akaguna, akaja na sahani yake. "Jisogeze, maalim. Unammalizia mwenzako maharage."

Langoni askari alinionya kwamba naweza kunyimwa ruhusa ya kuingia.

"Inshallah," nikamwambia, "Ijumaa nitakuja na njaa."