Siku ya Kuosha Duka

Nimeyaandika haya mara mbili nikafuta, maana mara zote mbili nilijipendelea.

Seva ya zahanati ya Tezo, kompyuta inayohifadhi faili za wagonjwa, ilikaa mjini Malindi, chumba cha nyuma cha duka la misumari na rangi la mzee mmoja Mhindi. Pale palikuwa na mtandao wa kutegemewa na mlango wa chuma. Mtunzaji ni mimi. Shule niliishia kidato cha pili; kazi hii niliiokota saiba, kwenye duka la intaneti, kwa kuangalia wengine.

Saa nne asubuhi muuguzi alinipigia nikiwa nyumbani Kisumu Ndogo, mtaa wa hapo hapo Malindi. Ameletwa mama mjamzito, ana homa kali, hajitambui, na programu haifunguki. Dawa zinazomdhuru zimeandikwa humo. Kadi za karatasi zilishatupwa, na aliyewaambia hazina kazi tena ni mimi.

"Nikungoje dakika ngapi, dada?"

Nikasema kumi, sijui nilizitoa wapi.

Dukani nilimkuta mzee kakunja suruali, anasukuma maji kwa ufagio. Kila mwaka, kabla ya sikukuu yao ya taa, huliosha duka lote. Nikamwambia amezima umeme wa wagonjwa.

"Hata shikamoo hakuna leo, binti? Wiki jana nilikuambia naosha, nazima swichi kubwa. Ukasema sawa mzee."

Kweli nilisema. Nilidhani betri ya akiba ingetosha; sikuwahi kuipima.

Hakukubali kuwasha juu ya maji. Tulipiga magoti sote wawili tukakausha kwa magunia, na simu ikilia mfukoni mwangu. Akawasha. Taa ya mashine ikawa kijani. Nikampigia muuguzi, nikamwambia tayari.

"Bado haifunguki," akasema. "Nimeshavuta dawa kwenye sindano."

Nikaitazama skrini. Mashine ilikuwa imeamka, lakini programu ilikuwa imelala. Tangu mwanzo nilikuwa nikiiwasha kwa mkono. Sikuwahi kuiagiza ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Mzee hakuwa na kosa hata chembe.

Nilikosea neno la siri mara mbili. Mara ya tatu likakubali, nikaiwasha programu. Muuguzi akafungua faili ya mama yule.

"Penisilini," akasema. "Inamdhuru. Naimwaga hii."

Akakata simu. Mchana alinitumia ujumbe kwamba homa imeanza kushuka.

Lakini pale dukani, kabla ya ujumbe huo, nilimwambia mzee kosa ni langu. Akasema hilo alilijua tangu nilipoingia bila salamu. Nikaandika lile agizo la mstari mmoja la kuifanya programu ijiwashe, nikampigia tena muuguzi kumwuliza kama amemaliza na faili. Alikuwa amelinakili kwenye karatasi, na kadi mpya ameshaagiza. Nikamwambia amefanya vyema.

Kisha nikachomoa betri, nikamwomba mzee azime tena.

"Una hakika?"

"Sina. Ndiyo maana."

Akazima, akahesabu kwa Kigujarati, akawasha. Nikakaa mbali na kibodi, mikono nimeikalia, nione kama programu itaamka yenyewe.