Kisu cha Moto kwenye Kifuniko cha Pikapu

Katika kambi yetu ya shamba la ngano la serikali, upande wa Gehandu, mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa mabeseni. Beseni likipasuka, akina mama walileta kwangu. Nilitia kisu kwenye makaa, nikakipitisha juu ya ufa, plastiki ikalainika na kushikana. Kwa ujuzi huo mkubwa, pamoja na cheti cha kidato cha nne, niliamini hakuna plastiki duniani itakayonishinda.

Asubuhi moja mke wangu alipata habari kwamba mama yake yu mahututi Dongobesh. Bahati nzuri, pikapu ya shamba ilikuwa inakwenda Mbulu, kwa kupitia Dongobesh. Bahati mbaya, nilikuwepo.

Pikapu ilikuwa inakohoa. Dereva alifungua boneti, akanionyesha ufa mwembamba kwenye kile kifuniko cheusi kinachogawa umeme kwa plagi.

"Nikifuta unyevu tutafika, japo kwa kukohoa."

"Kukohoa ya nini? Lete niunge."

"Haya, msomi wetu. Usije ukanilaza hapa!"

"Baba Watoto," mke wangu alisema, kifurushi mkononi, "acha twende hivyo hivyo."

Nikamwambia asubiri kidogo tu.

Kisu kikawa chekundu. Kifuniko hakikulainika. Kilitoa moshi wenye harufu ya dawa ya kusafishia wodi, kikafanya malengelenge, kikawa mkaa. Mimi, kwa busara zangu, nikaongeza moto. Ufa ukafika upande wa pili.

Shuleni nilifundishwa haya: kuna plastiki inayolainika kila ukiipasha moto, na kuna ile iliyopikwa kiwandani mara moja ikakaza kabisa. Hiyo ukiirudishia moto haiyeyuki, inaungua. Kwenye mtihani nilijibu vizuri sana. Swali halikumtaja mkwe.

Tulikirudisha kifuniko mahali pake. Mkaa unapitisha umeme, basi cheche zikaenda zilikotaka zenyewe. Pikapu haikukohoa tena. Ilinyamaza.

Mke wangu aliondoka kesho yake juu ya trela la trekta hadi Katesh, kisha akapanda basi. Alimkuta mama yake anapumua, lakini hamtambui mtu. Majirani walimwambia kwamba jana yake mchana kutwa alikuwa anauliza kama binti yake amefika.

Aliporudi kutoka mazikoni nilimwambia, "Nisamehe, Mama."

"Nimekusikia," alisema, akachukua ndoo akaenda kukamua ng'ombe.

Ni miaka mingi sasa, na bado sijathubutu kumuuliza zaidi ya hapo.