Jante ya Avenyu Yetu

Mnisamehe kwanza kwa makosa ya herufi na kwa mwandiko unaolala upande. Shule niliiachia darasa la sita, na ukurasa mmoja unanichukua siku mbili. Lakini mbele ya watu wazima maneno yananikwama, basi afadhali niandike.

Ninaishi Kindu na nyanya yangu, mama yake mama, katika avenyu ya chini karibu na Lualaba. Mguu wake wa kushoto haukunjiki. Mto ukifurika, akiambiwa mapema anafika kule juu kwenye reli na fimbo yake. Akichelewa kuambiwa, mimi peke yangu siwezi kumbeba. Hilo ndilo linalonifanya niandike.

Kwenye kona yetu inaning'inia jante ya lori, chuma cha ndani ya gurudumu. Nyanya anasema wakati wa vita iligongwa kwa sababu moja tu: askari wanakuja, tokeni. Hakuna aliyeuliza askari wa nani. Watu waliacha sombe, mboga ya majani ya muhogo, motoni wakakimbilia msituni kwa njia ya Kailo. Yeye alikimbia hivyo mara nne, amemshika mama yangu mkono. Mara ya nne ndipo alipovunjika mguu.

Vita vikaisha, jante ikabaki. Shefu wa avenyu wa sasa anaigonga kila Jumamosi kutuitia salongo, kazi ya wote ya kufagia na kuzibua mifereji. Asiyetoka, shefu anaingia kwake na kuchukua sufuria, na baadaye unaiona sufuria hiyo jikoni kwa mke wake. Mwenyewe hashiki jembe. Anakaa kwenye kiti chake cha plastiki anachokonoa meno.

Basi tulijifunza. Jante ikilia tunafunga mlango, tunaficha sufuria chini ya kitanda, tunazima moto moshi usionekane. Hata watoto wadogo kwetu wanajua kunyamaza kabla ya kujua kuhesabu.

Jumamosi ile mvua ilikuwa imenyesha juma zima. Asubuhi jante ililia haraka haraka, bila kupumzika. Nikafunga mlango. Nyanya akainuka kutafuta fimbo.

"Hii si ya salongo," akasema. "Ni ya kutoka. Naijua."

"Leo njo siku ya salongo, nyanya. Ukae, atatusikia."

"Sisi tulikuwa tunaisikia tunakimbia. Ninyi munaisikia munajificha."

Nikamwekea kidole mdomoni. Mtu aliyekimbia mara nne, nikamnyamazisha mimi. Nikikumbuka, kidole hiki kinanichukiza.

Maji hayakuja kwa mlango. Yalitokea nyuma, kwenye choo, na yalibeba kila kilichokuwa chooni. Yalikuwa meusi, yana funza. Yakatanda sakafuni, yakapanda godoro, yakaingia kwenye unga. Nilipotaka kufungua, mlango ulikuwa umevimba, haukusogea. Nyanya alisimama juu ya kitanda, uchafu umemfika magotini, anatapika taratibu na kujifuta kwa kitenge. Hakunilaumu. Hilo lilikuwa baya zaidi.

Jirani yetu muuza mawese ndiye aliyevunja dirisha. Alimbeba nyanya mgongoni, mimi nikashika miguu, maji yakitufika kifuani. Njiani shefu akatupita ndani ya mtumbwi. Alikuwa amepakia mbuzi wake, kiti chake cha plastiki na sufuria. Moja ilikuwa yetu, aliyotuchukulia zamani, niliijua kwa mpini wake uliopinda.

"Nilipiga," akasema. "Masikio yenu iko wapi?"

"Tulisikia, shefu," jirani akamjibu. "Njo maana tulijifungia."

Shefu akacheka, akidhani ni mzaha, akaendelea kupiga kasia. Baadaye tulimuuliza habari ya megafoni, kile kipaza sauti cha mkononi, aliyopewa kwa siku kama hiyo. Alisema betri ziko kwenye redio yake.

Sasa maji yameshuka, na nyanya anakohoa. Jumamosi iliyofuata jante ililia tena, salongo ya kutoa tope, na watu wakafunga milango ileile yenye alama ya maji. Nikaenda kwenye mkutano wa avenyu nikiwa na sentensi moja: salongo iitwe kwa filimbi, jante iachwe kwa kukimbia tu. Nikasimama. Wote wakanitazama. Kabla sijaitamka, shefu akauliza kama natafuta choo, watu wakacheka, nami nikakaa. Watu haohao walikuwa bado wananuka ule uchafu, na mimi pia.

Nyanya hulala na fimbo kitandani siku hizi. Jante ikilia ananiuliza, "Hii ni ipi?" Mimi sijui, na mto utarudi.

Wewe uliyenisoma, naomba uniandikie. Kwenu watu wanaambiwaje kutoka, na nani anaaminiwa kuwaambia? Andika herufi kubwa, maana hata kusoma nasoma polepole. Barua yako nitaiweka juu ya kiti cha plastiki kabla shefu hajakaa, na hapo sitahitaji kufungua mdomo.