Picha Yenye Kichwa

Kwa miaka tisa picha zangu zote zimeanzia shingoni. Ukizipekua simu za wateja wangu wa Kariakoo utanikuta humo kila msimu, nimevaa magauni, abaya, suti za vipande viwili, mkono mmoja kiunoni, kichwa hakipo. Hapa Guangzhou wenye maduka ya soko la nguo la Zhanxi hawataki upige picha dukani, wanaogopa mitindo yao isiibwe. Kwa hiyo unanunua sampuli moja, unaibeba mpaka chumbani kwako Xiaobei, unaivaa, unasimama ukutani, unapiga, unatuma. Wanawake wengi tunafanya hivyo, na wengi wao huonyesha uso na tabasamu juu. Mimi sikuonyesha, kwa sababu siku ninaondoka Dar kaka yangu mkubwa aliniambia kwamba uso wa mtoto wa kike wa nyumba yetu hautembezwi kwenye simu za watu.

Nilikubali. Nilikuwa mtu mzima, nimeshaolewa na kuachika, nimeshafungua duka na kulifunga, lakini nilikubali kama mtoto aliyetumwa chumvi. Baadaye nikawa nawaambia watu kwamba nilitaka amani. Si kweli. Nilikuwa namwogopa, basi.

Mwaka huu mama alipiga sebule yake rangi, akatundika ukutani picha za watoto wake wote. Yangu haikuwepo. Mama anatumia simu ya tochi, isiyopokea picha, na mimi sijarudi nyumbani kwa miaka sita. Sababu ni nyingi na zote zimeshachakaa kwa kuelezwa.

"Nitumie picha ya ukutani," aliniambia. "Yenye uso. Wageni wanahesabu wanne, wananiuliza wa tano yuko wapi. Niwajibu nini, kwamba amebaki sauti?"

Neno hilo lilinichoma. Nikaapa kwamba picha ataipata, na uso utakuwepo.

Wiki ile kabla ya mwaka mpya wa Wachina, Zhanxi inafungwa. Wenye maduka wanarudi kwao, mikokoteni inalala, na sisi tuliobaki tunazunguka vyumbani hatujui la kufanya na mikono yetu. Jirani yangu wa mlango wa pili, Mkenya wa Nairobi anayenunua viatu, ndiye aliyetoa wazo.

"Twende kwa ile nyumba ya tajiri wa kitambo," alisema. "Iko na bustani, watu huenda huko kupiga picha siku mzima. Leo hakuna kazi, utafanya nini hapa? Utakunja nguo zenye zimekunjwa?"

Tukaenda. Nilivaa koti langu jekundu, langu mwenyewe, si sampuli. Baridi ya Guangzhou haina hata theluji ya kumsimulia mtu. Ni unyevu tu unaoingia mifupani, na ndani ya nyumba ni baridi kuliko nje. Jumba lenyewe lilijengwa na mfanyabiashara wa enzi za wafalme, kwa matofali ya kijivu. Juu ya paa kuna visanamu vya udongo, watu na ndege wamebanana huko. Baadhi ya madirisha hayana vioo, yana magamba ya chaza yaliyochongwa mpaka yakapitisha mwanga. Kuna bwawa, kuna daraja la mawe, na siku hizo walikuwa wamepanga njiani vyungu vya michungwa midogo iliyojaa matunda. Nilipafurahia. Nilijiambia kwamba na mwenye jumba naye alikuwa mchuuzi tu, ila yeye hakuna aliyemwambia afiche uso.

Hatujafika darajani, mwanamume mmoja akaninyanyulia simu. Hakuomba, hakusalimu. Watu wamenipiga picha hivyo miaka yote, kwenye treni, sokoni, na mimi huinamisha kichwa nikapita. Siku ile nilisimama, nikatoa simu yangu, nikampiga yeye. Picha tatu. Akashusha mkono, akageuka kutazama samaki. Jirani yangu alicheka mpaka akashika ukingo wa daraja.

Halafu ikaja zamu yetu. Nilisimama mbele ya dirisha la magamba ya chaza, jirani yangu akarudi nyuma hatua nne, akapiga nyingi mfululizo. Tukainama pamoja kwenye simu kuzitazama.

Hakuna hata moja iliyokuwa na kichwa.

"Aki pole," alisema, mkono mdomoni. "Mkono umezoea. Nikiona nguo nalenga nguo."

Wala sikuweza kumlaumu, maana nami nilijiona. Kwenye picha ya kwanza nilikuwa nimegeuka ubavu kuonyesha mshono. Kwenye ya tatu nimefungua koti bitana ionekane. Kwenye ya sita nimenyoosha mkono ili mteja aone urefu wake. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Mwili ulijipanga wenyewe, kama bidhaa. Tulicheka, lakini mwenzenu nilikuwa nacheka kwa hasira. Kaka alinikata kichwa mara moja tu, siku ile ya safari. Mara nyingine zote nilijikata mwenyewe.

Karibu yetu alikuwepo msichana wa Kichina aliyekodi vazi la kizamani, mikono mipana kama mapazia, anatetemeka kwa baridi. Alituona tunavyohangaika, akaonyesha kwa ishara kwamba atanipiga yeye, kwa simu yake. Alinipiga vizuri, na kichwa kikiwemo. Lakini simu yake ilikuwa na yale mambo ya kupamba. Nilikuwa mweupe kama muhogo uliomenywa, pua imechongwa, macho makubwa, na ngozi haina hata alama moja.

"Buyao," nikamwambia. Sitaki. Ndilo neno la kwanza tunalojifunza sokoni, na siku ile nililitamka kwa moyo wangu wote.

Alishangaa. Alinionyesha tena, akaashiria kwamba nimependeza. Nikavuta ngozi ya shavu langu, nikamwonyesha: hii, hii hapa. Akacheka, akafuta mapambo yote, akapiga upya. Nilisimama wima, mikono chini, sikuonyesha mshono wa mtu. Pua ilikuwa inavuja, chini ya macho kuna vivuli, na mistari miwili imeshuka kutoka puani hadi mdomoni. Huyo ndiye mimi. Akanitumia palepale.

Nilimtumia kaka, kwa kuwa ndiye mwenye simu kubwa, nikamwomba aipeleke studio. Jibu lilikuja kabla hatujatoka getini: picha hiyo haifai kukaa sebuleni, wanaume wanaingia pale, nitume nyingine ya heshima, au yeye aipunguze kwa juu.

Aipunguze! Damu ilinichemka katikati ya baridi ile. Nilijibu kwa kuiweka picha hiyohiyo kwenye status yangu ya biashara, wateja wote waione. Ndani ya dakika chache wakaanza: koti hilo bei gani, lina saizi kumi na sita, jekundu tu au na rangi nyingine? Mmoja tu ndiye aliyeuliza, "Samahani, huyu ni nani?"

Nikamjibu kwamba ni mimi, na kwamba haliuzwi.

Kisha nikampigia mama kwenye simu yake ya tochi. Alikuwa naye kaka hapohapo, nilimsikia akifoka kwa nyuma kwamba nimemvunjia heshima mbele ya mji mzima. Nikamwambia mama, "Mwambie akupe simu yake uione picha yangu. Ukisema haifai, nitaifuta mwenyewe."

Nikasikia wakivutana maneno. Kisha nikamsikia kaka akisema haya, tazama. Mimi nimesimama kando ya barabara, vidole vimekufa ganzi, jirani yangu amenishika kiwiko.

"Umezeeka," mama akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Umezeeka bila mimi kukuona."

Kaka hajawahi kunirushia neno likaniuma hivyo. Nilitaka kumwambia ni baridi, ni uchovu, ni simu mbovu.

"Basi nitazame sasa," nikamwambia.

Nilisikia anavyopumua. Kaka akasema nipe simu yangu, Mama, imetosha.

"Ngoja," mama akamwambia. "Sijamaliza."