Macho Mawili kwa Sufuria ya Risasi

Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku kabla sijazaliwa, kwa hiyo nilishangaa kujikuta nimeoa kwa mzee mwenye bunduki. Baba mkwe alikuja Johannesburg kufundisha jiolojia chuoni Braamfontein, akachukua uraia na leseni ya silaha, na tangu astaafu Jumamosi zake ni za gereji, nyumbani kwake Midrand. Anayeyusha risasi, ile metali laini na nzito, na kuimwaga kwenye kalibu, anatoa vichwa vya risasi za bunduki yake ndogo ya kuwindia. Swala mmoja kwa mwaka, nyama nyingi inaishia kwa watu wa kanisani. Raha yake yote iko humo.

Kisha macho yakaanza kufifia. Mama mkwe akatoa hukumu: ama mtu mwenye macho mazuri asimame kando yake, ama sufuria ya kuyeyushia iende kwa wauza vyuma chakavu. Nikateuliwa mimi.

Risasi tulipewa na fundi wa magurudumu, Mrundi mmoja mcheshi, aliyetuwekea vile vipande vya zamani vya kubalansi magurudumu. Shida ni kwamba siku hizi vingi ni vya zinki. Kimoja tu kikiyeyukia ndani, risasi yote inakuwa kama uji uliolala, haijazi kalibu. Baba alikuwa akivitenga kwa herufi ndogo zilizochapwa juu yake, na herufi hizo sasa hakuziona.

Jumamosi ya kwanza nilimwona akiokota kipande cha zinki. Nilikiona vizuri kabisa. Lakini mimi nimelelewa na mama aliyenifunza kwamba mkwe hakosolewi: ukienda kwake unakula ulichopewa, unaitikia, unaondoka mapema. Nikajiambia msomi huyu labda ana sababu zake. Akakitia sufuriani, kikaelea kidogo, kikayeyuka.

Vichwa kumi na kimoja vikatoka na makunyanzi, kingo zimeliwa. Baba akakoroga, akanusa, akanigeukia.

"Uliona?"

"Niliona, Baba."

"Ukanyamaza?"

"Nilikuheshimu, Baba."

Akavua glavu. "Heshima uliniletea siku ya mahari, ikatosha. Leo nilikuomba macho."

Niliona aibu, na hasira pia, kwa sababu alisema kweli. Nyumbani mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Eish, wewe utamwacha mzee wangu aungue kwa sababu ya adabu zako."

Jumamosi iliyofuata, kabla moto haujawashwa, akaokota kipande. "Hicho ni zinki, Baba," nikasema kwa sauti ya chini. Akaguna, akakiangusha kwenye sementi ili asikie mwenyewe. Kikalia ting. Risasi hulia du, basi. Akaokota kingine. "Hicho pia." Akasonya. Kufikia cha tano sauti ilikuwa imepanda, na baadaye nikamwambia hata kwamba kalibu bado ni baridi, angoje. Akangoja.

Adhuhuri vichwa arobaini vilikuwa juu ya taulo kuukuu, laini, vimejaa. Mama mkwe akaja, akakitazama kimoja bila kukigusa, akasema chakula kiko tayari. Habari ya sufuria hakuitaja.

Tukawa tunanawa, mara mbili kwa sabuni, maana risasi ni sumu. Baba akaniuliza bila kunitazama, "Miaka sita unaingia nyumba hii. Nini kingine umeona ukaninyamazia?"

Ningeweza kusema hakuna.

"Ile robot, taa ya barabarani ya pale kona, Baba. Jumapili iliyopita uliipita ikiwa nyekundu. Mjukuu wako alikuwa kiti cha nyuma."

Alijikausha mikono kidole kwa kidole, muda mrefu, nikaamini nimeharibu kila kitu. Kisha akatoa funguo za gari mfukoni, akaniwekea kiganjani.

"Kesho kanisani utatupeleka wewe," akasema. "Na ukikosea, nitakwambia."